Hadithi fupi za kutisha na za upelelezi: ni nani anayezilipia?

Mwana wa Pangani aliuliza:

Ndugu waandishi na wasomaji, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mtunza hesabu katika ghala moja hapa Tanga, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiandika hadithi fupi usiku, watoto wakishalala. Ninazo kumi na mbili zilizokamilika. Saba ni za kutisha, na nyingi kati yake zinatokea kwenye mlango wa mto Pangani na katika mashamba ya mkonge. Nne ni za upelelezi, zote zikimhusu sajini mmoja wa polisi ambaye hakuna kesi anayoifunga bila yeye mwenyewe kupata hasara. Moja iliyobaki ni ya wakati ujao, bahari ikiwa imepanda hadi Kariakoo. Iliyo fupi kuliko zote ina maneno 1,900, na iliyo ndefu ina maneno 6,300.

Hadi leo hazijaniingizia hata shilingi moja. Tatu nilizibandika kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Zilisomwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wakaniandikia maneno mazuri, na mambo yakaishia hapo. Nyingine niliipeleka kwa mkono katika ofisi ya gazeti moja, nikaambiwa nisubiri simu, na sasa huu ni mwaka wa pili. Mwezi uliopita mtu anayeandaa diwani, yaani kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali, aliniandikia kwamba hadithi yangu imechaguliwa, ila nitume shilingi 50,000 za kuihariri kabla haijapelekwa kiwandani. Mke wangu, ambaye hasomi hadithi za kutisha na wala hataki kuzisikia giza likishaingia, aliniuliza: “Kama wameichagua kwa uzuri wake, mbona mlipaji ni wewe?” Sikuwa na jibu.

Naomba basi wenye uzoefu wanisaidie. Je, yako majarida au mashindano yanayolipa hadithi fupi za aina hii, na yanalipa kiasi gani? Je, ni lazima niandike kwa Kiingereza? Kiingereza changu kinatosha kazini, lakini sidhani kama kinaweza kumtisha mtu. Na hizi tatu zilizokwisha kusomwa Facebook, bado ni mali au zimekwisha kuharibika?

Fundi Kalamu, Nairobi, alijibu:

Ndugu yangu, shemeji amekwisha kukufundisha kanuni ya kwanza ya biashara hii, na kuna watu waliochukua miaka kumi kuifahamu. Fedha humjia mwandishi, hazitoki kwake. Mchapishaji anayekudai ada ya kuhariri, ya kusoma au ya nafasi katika diwani anapata riziki yake kwa waandishi, na kwa sababu hiyo hana haja ya kuwatafuta wasomaji. Usimlipe.

Mimi huandika bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni za sayansi na wakati ujao, kwa Kiingereza, nikielekeza zaidi nje ya bara letu, na sitakuficha hesabu yangu: katika miaka minane nimetuma hadithi mara 94 na nimeuza sita. Nayasema haya mapema ili utakapokataliwa mara ya kumi na tano usidhani kwamba kuna kosa la pekee ulilolifanya wewe.

Huko nje hadithi fupi hulipwa kwa neno. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha chama cha Marekani cha waandishi wa bunilizi za kisayansi na fantasia, SFWA, ambacho mwezi Septemba 2019 kilipandisha kiwango cha malipo ya kitaalamu kutoka senti 6 za dola hadi senti 8 kwa neno. Kwa hiyo hadithi ya maneno 4,000 katika jarida linalofikia kiwango hicho ni dola 320. Yako yanayolipa zaidi. Clarkesworld, lililoanza mwaka 2006, hulipa senti 14 kwa neno na hupokea hadithi za kuanzia maneno 1,000 hadi 22,000, kumaanisha kwamba hadithi hiyo hiyo ingekuwa dola 560. Uncanny na Strange Horizons hulipa senti 10. Yapo pia mengi yanayolipa senti moja au mbili, na mengine hulipa dola kumi kwa hadithi nzima, hata iwe na urefu gani. Mimi huanza na walio juu nikishuka, kwa sababu jarida la chini likishaichukua hadithi huwezi tena kuirudisha juu.

Kwa hadithi zako za kutisha angalia PseudoPod, ambao husoma hadithi kwa sauti kwenye mtandao. Kwa hadithi mpya hulipa senti 8 kwa neno, na kwa hadithi iliyowahi kutoka mahali pengine hulipa dola 100 kwa jumla. Kwa ile ya Kariakoo kuzama, lipo FIYAH, lililoanza mwaka 2017 kwa ajili ya waandishi Weusi wa bara hili na wa ughaibuni, na lipo Omenana, lililoanzishwa na Wanijeria mwaka 2014 kwa bunilizi za Kiafrika, ambalo huchapisha kwa Kiingereza na Kifaransa. Umeona kwamba Kiswahili hakimo katika orodha yangu yote. Ni jambo la kusikitisha, lakini hapa nazungumzia wanaolipa.

Usihangaike kuyatafuta moja moja. Iko tovuti ya bure iitwayo The Submission Grinder, iliyofunguliwa mwaka 2013, ambapo unaingiza aina ya hadithi, urefu wake na malipo ya chini unayoyakubali, nayo inakuonyesha majarida yaliyo wazi siku hiyo na siku ambazo waandishi wengine walingoja kabla ya kujibiwa. Kisha nenda katika tovuti ya jarida lenyewe ukasome masharti yao yote kabla ya kutuma. Wengine hawataki hadithi itumwe kwao na kwa jarida jingine kwa wakati mmoja. Clarkesworld ni miongoni mwao. Wengine wanataka jina lako lifutwe kwenye mswada ili msomaji wao asijue ni kazi ya nani. Mhariri mwenye maelfu ya miswada mbele yake hufurahi kupata sababu ya kuuweka mmoja pembeni bila kuusoma, nawe usimpe sababu hiyo.

Kuhusu zile tatu za Facebook: kitu ambacho jarida hununua kwa kawaida si hadithi yenyewe, bali ni haki ya kuwa wa kwanza kuichapisha. Ukiibandika mahali popote ambapo kila mtu anaweza kuisoma, haki hiyo umekwisha kuitumia, na kwa bahati mbaya umeitumia bure. Hazijaharibika, lakini thamani yake imeshuka. Zilizobaki tisa zifungie.

Msimulizi wa Mbagala alijibu:

Nimeyasoma ya Fundi Kalamu kwa heshima, lakini naona kama anamwonyesha mtu mwenye njaa picha ya pilau. Kutuma mara 94 kwa mauzo sita ni mwendo ambao mtu wa kawaida hauwezi, tena kwa lugha ya kuazima. Mimi sijawahi kutuma kitu nje ya nchi, na kalamu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba yangu.

Utaratibu wetu unafahamika kwa msomaji yeyote wa simulizi hapa Tanzania. Unaweka sehemu tano au sita za mwanzo bure kwenye Facebook, unaikata mahali ambapo msomaji hawezi kulala bila kujua kilichofuata, kisha unaweka namba ya simu. Anayetaka mwendelezo hutuma fedha kwa simu na kuingizwa katika kundi la WhatsApp, au hutumiwa simulizi nzima. Bei yangu ni shilingi 2,000. Simulizi yangu ya mwisho ilinunuliwa na watu 140 katika wiki tatu, yaani shilingi 280,000, na sikumwomba mhariri yeyote ruhusa.

Lakini nikuambie ukweli ambao wenzangu wengi hawausemi hadharani. Kwanza, kinachouzika kwetu ni simulizi ndefu. Msomaji hatoi 2,000 kwa maneno 3,000. Anataka kitu cha kumweka mwezi mzima. Hadithi fupi nimewahi kuziuza mara moja tu, nilipozifunga tano pamoja zenye mhusika mmoja, na nadhani huyo sajini wako angefaa sana kwa njia hiyo. Pili, siku ya tatu baada ya kuuza, simulizi yako itakuwa inazunguka bure katika makundi usiyoyajua. Mnunuzi mmoja huwapelekea ndugu zake wote, naye haoni kwamba ameiba. Nimewahi kuisikia simulizi yangu ikisomwa kwenye chaneli ya YouTube kwa sauti ya mtu nisiyemfahamu, jina langu likiwa limeondolewa na jina la mhusika mkuu likiwa limebadilishwa kutoka Zaituni kuwa Careen. Nilipolalamika niliambiwa nishukuru kwa kutangazwa.

Kwa hiyo sikatai kwamba kuna upotevu. Nasema tu kwamba fedha ya leo ipo, na iko kwa Kiswahili.

Mfasiri wa Kibokoni, Mombasa, alijibu:

Kaka zangu, naona mmempa mwenzetu njia mbili kana kwamba akiingia moja nyingine inafungwa. Naomba kuongeza jambo ambalo naona limesahauliwa, nalo ni kwamba haki za hadithi hugawanyika pia kwa lugha. Aliyeitoa hadithi kwa Kiswahili ametumia haki ya kwanza ya Kiswahili. Haki ya kwanza ya Kiingereza bado iko sandukuni mwake. Yako majarida ambayo huihesabu tafsiri ya hadithi iliyokwisha kutoka kwa lugha nyingine kuwa ni kazi mpya, na yako yanayoihesabu kuwa ni ya pili, hivyo ni wajibu kueleza waziwazi katika barua unayoituma pamoja na hadithi: ilitoka wapi, lini, na kwa lugha gani. Usifiche, kwa sababu dakika moja ya kutafuta mtandaoni itakuumbua. Kwa maelezo hayo, hadithi tatu za Facebook zinaweza kuwa na maisha ya pili, na huenda yakazidi yale ya kwanza.

Wanaotafuta tafsiri wapo. Strange Horizons wana jarida ndugu liitwalo Samovar, lililoanza mwaka 2017, ambalo kazi yake yote ni bunilizi zilizotafsiriwa. Uzuri wake kwetu ni kwamba huchapisha hadithi katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwandishi na mfasiri wote wawili hulipwa. Kwa hadithi za sajini, Ellery Queen’s Mystery Magazine, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1941, lina safu iitwayo Passport to Crime iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya hadithi za upelelezi zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Sijui kwa nini watu wetu, tulio na utamaduni mrefu wa hadithi za makachero, hatubishi hodi huko.

Halafu kuna shindano ambalo mtu hahitaji kutafsiri hata sentensi moja. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, haitozi kiingilio, na haibagui aina ya hadithi, iwe ya majini au ya wizi wa benki. Hutaka maneno kati ya 2,000 na 5,000, kwa hiyo ile yako ya 1,900 ina upungufu wa aya moja na ile ya 6,300 haimo. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000. Kwa kawaida mlango hufunguliwa Septemba na kufungwa tarehe 1 Novemba. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa; ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo kwa sababu nchi zao si wanachama. Sharti linalowakwaza wengi ni kwamba hadithi isiwe imechapishwa popote, na mtandaoni pia ni kuchapishwa. Hapo ndipo Fundi Kalamu yuko sahihi kabisa: zile tisa usimwonyeshe mtu.

Sasa kuhusu kazi ya kutafsiri yenyewe, ambayo ndiyo mkate wangu. Malipo kwa neno hayakitendei haki Kiswahili, ila mkifahamu yanavyokwenda yanaweza kuwafaa. Sisi tunafunga sentensi nzima ndani ya neno moja. “Asingalimfuata” ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni maneno sita. Katika kazi nilizofanya, hadithi ya maneno 3,000 ya Kiswahili imekuwa ikitoka na maneno karibu 4,000 ya Kiingereza. Jarida linalolipa kwa neno la Kiingereza linakulipa basi zaidi ya ulichohesabu, lakini linapoweka kikomo cha maneno 5,000, nawe una 4,500 za Kiswahili, umekwisha kupita kikomo kabla ya kuanza. Pigeni hesabu hiyo mapema.

Mfasiri mzuri hawezi kulipwa kwa ahadi tupu, na mwandishi wa Tanga hawezi kumlipa mfasiri mapema. Utaratibu ambao mimi na waandishi wangu tumeuzoea ni kukubaliana kwa maandishi kwamba malipo ya Kiingereza tutagawana nusu kwa nusu, jina la mfasiri litokee chini ya la mwandishi, na haki za Kiswahili zibaki kwa mwandishi peke yake bila mfasiri kuzigusa. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni hata kama ni mtoto wa mama yako mdogo. Tena kwa mtoto wa mama mdogo ndiyo mwandike zaidi.

Na nakuonya: usiipitishe hadithi kwenye mashine ya kutafsiri kisha ukaituma. Mwezi Februari 2023 Clarkesworld walilazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi baada ya kuletewa takriban 500 zilizotungwa na programu za akili mnemba katika mwezi huo mmoja ambao haukuwa hata umekwisha. Walipofungua tena waliweka sharti kwamba hawapokei kazi iliyoandikwa, iliyokuzwa au iliyosaidiwa na programu hizo. Mhariri aliyeumwa na nyoka huyo hatakaa kukusikiliza ukieleza kwamba mashine ilitafsiri tu, na jini ni wa kweli wa Pangani.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega, alijibu:

Nitasema machache. Kwetu Kenya soko kubwa la hadithi fupi ya Kiswahili ni shule, kwa kuwa diwani ya hadithi fupi ni miongoni mwa vitabu vinavyotahiniwa katika shule za sekondari. Wachapishaji huandaa diwani wakitumaini kwamba itateuliwa, na wahariri wake hutafuta hadithi kutoka Tanzania pia. Hadithi ya kutisha inapokelewa iwapo hofu yake ina jambo la kijamii ndani yake. Damu kwa ajili ya damu haitapita.

Uliza swali moja kabla ya kutoa hadithi: je, ni malipo ya mara moja au ni mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa? Mimi nilipokea fedha za mara moja kutoka kwa mchapishaji ambaye sitamtaja, nikazifurahia kwa siku mbili. Diwani hiyo imechapwa upya mara kadhaa tangu hapo, wajukuu wangu wameinunua, na mimi sijaongezewa hata senti, kwa sababu ndivyo nilivyotia saini.

Zipo pia tuzo zinazotolewa kwa mswada mzima. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere huko kwenu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023 na mshindi wa juu hupewa shilingi milioni 10. Hizo hazinunui hadithi moja moja, lakini kesi nne za sajini mmoja ziko mbioni kuwa riwaya.

Mwana wa Pangani aliandika tena:

Nawashukuru sana, na zaidi nawashukuru kwa kutoa hesabu zenu wenyewe, jambo ambalo watu wetu hulionea haya. Yule mwenye diwani ya shilingi 50,000 nimemjibu kwamba sitalipa. Amenishushia hadi 30,000, nami nimeacha kumjibu.

Nimekaa na daftari la hesabu kama kazini, nikazigawa hadithi zangu. Moja ya kutisha, yenye maneno 4,100, nimeifungia kwa ajili ya Jumuiya ya Madola. Nitaisahihisha hadi Septemba. Ile ya Kariakoo nayo nimeifungia kwa ajili ya tafsiri. Za sajini nataka kuzijaribu kama alivyonishauri Msimulizi wa Mbagala, nikiongeza ya tano. Za Facebook ningependa zitafsiriwe ikiwa atapatikana wa kuzitafsiri.

Lakini jana limezuka jambo. Chaneli moja inayosoma hadithi kwa sauti imeniandikia kwamba imezipenda zile tatu za Facebook, nayo iko tayari kunilipa shilingi 30,000 kwa kila moja. Hii ingekuwa fedha yangu ya kwanza ya kalamu na sikufichi kwamba mkono unawasha. Wamenitumia mkataba wa nusu ukurasa, nao unasema hivi: “Mwandishi anakabidhi haki zote za hadithi kwa chaneli.” Je, haya ni maneno ya kawaida tu?

Fundi Kalamu alijibu:

Usitie saini maneno hayo. “Haki zote” ni pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kitabu, mchezo wa redio, filamu, na hata haki ya wewe mwenyewe kuiweka hadithi katika diwani yako. Kwa shilingi 30,000 wangekuwa wamenunua nyumba kwa bei ya kukodi kitanda.

Warudishie kwa adabu, ukiwaomba waandike mambo manne: kwamba wanapewa haki ya kuisoma hadithi kwa sauti, kwa Kiswahili tu, kwamba haki hiyo si ya kwao peke yao, kwamba jina lako litatajwa mwanzoni na kuandikwa chini ya video, na kwamba fedha inalipwa kabla ya kurushwa hewani. Wanaokusudia kusoma tu hawapotezi chochote kwa kukubali. Wakikataa, watakuwa wamekuambia walichokuwa wanakitaka. Na wasikutishe kwamba hujasajili hadithi popote. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, Kenya mwaka mmoja kabla yake, na chini ya mkataba huo hakimiliki huanza pale unapoiandika hadithi, bila muhuri wa ofisi yoyote.

Nikumbushe pia kuhusu malipo ya kutoka nje, kwani hukuuliza na utauliza. Majarida mengi hulipa kwa PayPal, na huduma hiyo haifanyi kazi kwa namna moja katika kila nchi. Sisi Kenya tumeweza kuzihamishia fedha zake M-Pesa tangu mwaka 2018. Wewe mwulize mhariri kabla ya kutia saini kama anaweza kukutumia kupitia benki. Wengi hukubali, ila hawapendi kuulizwa baada ya kila kitu kukamilika.

Msimulizi wa Mbagala alijibu:

Naungana na Fundi, na kwa hili tunapatana. Chaneli niliyoilalamikia hapo juu ingenilipa hata 10,000 ningeshukuru, lakini “haki zote” hapana. Za sajini ukiwa tayari niandikie, nitakuonyesha mahali pa kuikata sehemu ya tano.

Mwana wa Pangani aliandika tena:

Wamejibu asubuhi hii. Wamekubali kusoma kwa Kiswahili tu na wamekubali jina langu. Kwa “si ya kwao peke yao” wameomba wawe peke yao kwa miezi sita, upande wa sauti. Nimekubali, kwa kuwa tafsiri haiguswi. Fedha ya hadithi ya kwanza imeingia kwenye simu saa nne kasorobo.

Mfasiri wa Kibokoni alijibu:

Hongera, kaka. Nimezisoma zote tatu kwenye ukurasa wako, na ikiwa bado hujapata mfasiri, naomba nianze na ile ya jahazi linalorudi na mabaharia walewale kila mwezi mchanga. Nitatafsiri kurasa mbili za mwanzo kwanza ili uone kama sauti yako imebaki, kisha tuandikiane ukurasa wetu wa nusu kwa nusu.

Nina swali moja kabla sijashika kalamu. Umetumia neno “vibwengo” mara kumi na moja, na hakuna mahali ulipoeleza ni viumbe wa namna gani. Msomaji wa Pangani hahitaji kuelezwa. Je, ungependa nikutafutie neno la Kiingereza, ambalo litakuwa pungufu, au niwaache waitwe vibwengo na msomaji wa huko awatambue kwa vitendo vyao?

Mwana wa Pangani alijibu:

Waache waitwe vibwengo, dada yangu.